Kondoo mlangoni, jiko halionekani: namna ya kuyasoma majumba ya mashamba ya Kiingereza

Marahaba mdogo wangu. Nalifupisha swali lako ili na wengine watufuate. Uko Derby, Uingereza, kwa dada yako mpaka mwezi wa tisa, wikiendi zilizopita kakupeleka kwenye majumba ya Kedleston na Chatsworth, na umerudi na maswali: kwanini kondoo wanakula mpaka karibu na jumba na uzio huuoni, kwanini mbele kwa tajiri mkubwa hivyo ni nyasi tupu hakuna maua, jiko liko wapi manake umezunguka vyumba na dhahabu zake zote hujaliona, na kabla hujapanda ndege uende wapi kwingine.

Hayo maswali matatu ya kwanza kwangu mimi ni swali moja. Haya majumba kwa miaka zaidi ya mia mbili yalikuwa yanadizainiwa na kudizainiwa upya kwa lengo moja kubwa, kuficha kazi. Mwenye nyumba na mgeni wake waone raha, jasho likae upande wa pili wa ukuta. Ukilishika hilo, mengi uliyoyaona yanaanza kujieleza, kuanzia uzio mpaka ngazi za nyuma mpaka lile ziwa unalodhani ni la Mungu. Na una bahati uko Derbyshire, manake hapo ndani ya saa moja ya gari kutoka kwa dada yako unapata karibu historia yote ya haya majumba, toka enzi za kati mpaka yalipoanza kufilisika.

Tuanze na kondoo. Uzio upo, umezikwa tu. Wanachimba mtaro mrefu, upande wa nyumba wanajenga ukuta wa mawe au matofali wima kabisa wa kushikilia udongo, upande wa pili wanauacha uteremke taratibu na kuuotesha nyasi. Kondoo anashuka na mteremko anakula, anafika chini anakutana na ukuta, anageuza. Wewe uliyesimama dirishani macho yako yanaruka juu ya mtaro bila kuuona, nyasi za huku zinaungana na nyasi za kule, unaona shamba lote hadi kwenye miti ya mwisho kama ni bustani moja ya bwana isiyo na mpaka. Wenyewe wanauita ha-ha. Ulianza kushika kasi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1700, msanifu wa bustani Charles Bridgeman aliutumia sana kwenye jumba la Stowe, Buckinghamshire, na baada ya hapo kuta za bustani zikaanza kubomolewa nchi nzima. Hata Kedleston upo, upande wa kusini nyuma ya jumba. Ukirudi usiutafute kwa macho ukiwa mbali, hutauona, ndo maana ya huo mtaro, tembea kwenye nyasi mpaka uufikie na uangalie miguu yako.

Na hao kondoo hawako pale kwa ajili ya picha. Mashine ya kukatia nyasi imekuja 1830, ya jamaa mmoja anaitwa Edwin Budding, kabla ya hapo nyasi zilikatwa kwa panga refu lililopinda lenye mpini wa kushika kwa mikono miwili, wanaume wanajipanga mstari alfajiri umande ukiwa bado upo kwa sababu nyasi yenye umande inakatika vizuri, bwana akiamka akifungua dirisha anakuta kapeti limeshanyolewa na watu wameshaondoka. Sasa hiyo unaweza kuifanya kwenye eneo dogo karibu na nyumba, ekari mia kadhaa za nyuma utaajiri watu wangapi? Kondoo anakata bure, anaweka mbolea, na mwisho wa siku unauza sufu na nyama. Ile mandhari unayoiona nzuri sana ni shamba linaloingiza hela.

Hapo ndo tunaingia kwenye maua. Ungefika Chatsworth mwaka 1700 ungeyakuta, na ungekuta vitu vingi sana: Duke wa kwanza wa Devonshire alikuwa anaijenga upya nyumba kati ya 1687 na 1707, na bustani yake ilikuwa ya staili ya Kifaransa na Kidachi, vichaka vimekatwa kwa rula, vitanda vya maua vya maumbo, njia zimenyooka, sanamu, chemchemi, kila kitu kushoto kina pacha wake kulia. Kutoka kipindi hicho ile ngazi ndefu ya maji inayoshuka mlimani bado ipo, ilianza 1696, ya Mfaransa anaitwa Grillet, na uzuri wake ni kwamba vipandio vyake havifanani kwa hiyo sauti ya maji inabadilika unavyopanda.

Kizazi cha wajukuu kikaanza kuona aibu na bustani hizo. Kuna sababu za kisiasa zinazotajwa, kwamba mistari iliyonyooka ilinuka Versailles, jumba la mfalme wa Ufaransa anayetawala peke yake, wakati Waingereza wenye ardhi baada ya mapinduzi ya 1688 walikuwa wanajisifu kwamba kwao bunge ndo lina nguvu (bunge lililojaa wao wenyewe, lakini tuyaache). Kuna sababu za fasheni, vijana wa makabaila walikuwa wanatumwa Italia kuzunguka na wanarudi na michoro ya Claude Lorrain, milima, maziwa, hekalu la Kirumi limekaa pembeni ya mti, wanataka nje ya dirisha lao pafanane na mchoro. Mimi naamini sababu nzito kuliko zote ilikuwa hela. Bustani ya maumbo inakula vibarua mwaka mzima. Nyasi, miti na maji vinajiendesha.

Mtu aliyeigeuza hiyo ikawa biashara ya nchi nzima ni Lancelot Brown, mtoto wa kijijini Northumberland, kazaliwa 1716, mwaka 1741 akapata kazi ya mkuu wa bustani Stowe, halafu akajitegemea na mpaka anakufa 1783 alikuwa ameshafanya bustani zaidi ya 170. Wakampa jina la utani Capability kwa sababu akifika kwa mteja anamwambia hapa kwako pana uwezekano mkubwa, ambayo ukiniuliza ni sentensi nzuri kuliko zote za kumwambia mteja mwenye hela. Vifaa vyake vilikuwa vichache mno. Mkanda wa miti kuzunguka mpaka ili jirani asionekane. Vikundi vya miti vimetupwa kwenye nyasi kana kwamba vimeota vyenyewe. Barabara ya kuingilia inayopinda, ili jumba ulione, lipotee, ulione tena. Na maji. Anachukua kijito kinachopita bondeni, anakiziba kwa tuta, chini anatandaza udongo wa mfinyanzi uliolowanishwa na kukanyagwa mpaka hauvuji, na ncha za ziwa anazificha nyuma ya miti ili udhani ni mto mkubwa unaendelea. Kule kwenye jumba la Blenheim alipouziba mto Glyme maji yalipanda mpaka vyumba vya chini vya daraja lililokuwepo vikazama, na hakuna aliyelalamika kwa sababu lile daraja lilikuwa kubwa kuliko kijito chenyewe, sasa ndo likapata maji ya kutosha kulistahili.

Chatsworth alifika kwenye miaka ya 1760 akafuta sehemu kubwa ya zile bustani za zamani akaotesha nyasi. Na ukumbuke alipanda miche. Ile mialoni minene uliyopiga nayo picha, Brown na mteja wake waliiona ikiwa vijiti. Walilipia mandhari ya watu wengine kabisa.

Sasa kuna sehemu ambayo vipeperushi huwa vinaipita haraka. Ukitaka mandhari tupu, na mbele ya dirisha lako kuna kijiji, unafanyaje? Unakihamisha. Kedleston ilikuwa na kijiji. Sir Nathaniel Curzon alirithi 1758, akabomoa nyumba aliyoikuta, akahamisha barabara kuu, akahamisha kijiji, akabakiza kanisa tu kwa sababu mababu zake wamezikwa humo. Ndo maana uliliona lile kanisa la karne ya 12 limebanwa ubavuni mwa jumba halina waumini karibu. Chatsworth nao walikuwa na Edensor, ikaonekana kutoka kwenye nyumba, miaka ya 1830 ikajengwa upya nyuma ya kilima, kila nyumba na staili yake, leo watalii wanaisifu ni kijiji cha kupendeza, na kweli kinapendeza. Kusini kule Dorset, Milton Abbas ulikuwa mji mzima wenye soko, Lord Milton akauondoa kidogo kidogo, akaweka ziwa.

Nikirudi kwenye jiko. Hili nalijibu kwa nyumba nne, tatu ziko Derbyshire, na mbili kati ya hizo tatu hujazifikia.

Haddon Hall, jirani na Chatsworth kabisa, ni nyumba ya enzi za kati, ukumbi wake mkuu ni wa kama 1370. Humo kila mtu alikula pamoja. Bwana na familia meza ya juu kwenye jukwaa, watumishi, wageni, walinzi meza za chini, na wengi wao usiku walilala humo humo. Jiko liko hatua chache tu, unatoka ukumbini unapita uchochoro wa mbao, umefika. Harufu, kelele, mbwa, wote pamoja. Hakuna aliyeona aibu kuwa na watumishi, kinyume chake wingi wao ndo ulikuwa ukubwa wako. Haddon imebaki hivyo kwa sababu ya bahati, ukoo ulipopata cheo kikubwa ukahamia kwenye nyumba nyingine na hii wakaifunga kwa karibu miaka 200, kwa hiyo fasheni zote za katikati hazikuigusa. Ikarekebishwa karne ya 20 na Duke wa tisa wa Rutland. Jiko lake utaliona, na mbao za kukatia nyama zimelika mpaka zimekuwa na mabonde.

Hardwick Hall imejengwa 1590 hadi 1597, na hiyo ni ya mama mmoja, Bess wa Hardwick, kaolewa mara nne na kila mume akamwacha na mali zaidi ya alivyomkuta. Fundi mkuu alikuwa Robert Smythson. Wenyeji walikuwa na msemo kwamba Hardwick vioo ni vingi kuliko ukuta, na wakati huo kioo kilikuwa ghali kweli, ni kama leo mtu apake nyumba nzima rangi ya dhahabu. Juu kabisa ya minara sita kaweka herufi za jina lake, E na S (Elizabeth Shrewsbury), kubwa, kwa mawe, ukipita hata mbali unasoma. Lakini wewe angalia madirisha: yanakuwa marefu kadiri unavyopanda. Ghorofa ya chini ni ya kazi, madirisha mafupi. Ya kati familia inaishi. Ya juu kabisa, yenye madirisha marefu kuliko yote, ni ya sherehe na ya kumpokea malkia, ambaye hakuja. Yaani ukisimama nje unasoma vyeo vya waliomo ndani kwa urefu wa vioo. Chakula kilipanda kwa maandamano kutoka jikoni chini, ngazi ndefu ya mawe inazunguka zunguka nyumba nzima, kikifika juu nadhani kilikuwa cha baridi siku zote. Watumishi bado wanaonekana hapo, wengine wanalala kwenye ngazi na kwenye korido, ila wameshaanza kutengwa kwa ghorofa.

Katikati ya miaka ya 1600 msanifu mmoja anaitwa Roger Pratt anajenga Coleshill kule Berkshire na anaweka kitu kinachoonekana kidogo ila kimebadilisha kila kitu: ngazi za nyuma. Toka hapo nyumba moja inakuwa na mifumo miwili ya barabara. Mmoja wa marumaru kwa wenye nyumba, mwingine mwembamba wa giza kwa wabeba ndoo, kuni, makaa na vyungu vya usiku, na mifumo hiyo inakutana kwenye milango midogo ambayo upande wa sebuleni imebandikwa karatasi ya ukutani ile ile ili usione kama ni mlango. Umezunguka Chatsworth, bila shaka umeipita bila kujua. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1700 zinakuja kengele za waya, unavuta kamba chumbani, kengele inalia chini kabisa kwenye korido ya watumishi. Kabla ya kengele mtumishi ilibidi akae mlangoni akusikie ukiita. Baada ya kengele anaweza kukaa mita mia mbali, na kweli wakamweka mita mia mbali.

Sasa Kedleston ndo unaielewa. Ile sehemu ya katikati uliyoizunguka, ukumbi wenye nguzo 20 za alabasta, chumba cha duara chenye kuba, na ule upande wa kusini ambao msanifu Robert Adam aliuchukua kutoka tao la Konstantino kule Roma, hiyo yote ni ya kuonyeshea watu. Familia ilikuwa inaishi kwenye bawa moja la pembeni, jiko liko kwenye bawa jingine, na mabawa yanaunganishwa na sehemu ya kati kwa korido zilizopinda. Plani ya mwanzo ilikuwa mabawa manne, hela zikaishia kwenye mawili. Kwa hiyo jiko lipo, na ni kubwa, umelitazama kwa nje ukadhani ni sehemu ya urembo, kwa sababu kwa nje limevalishwa sawa sawa na bawa la familia. Mimi Kedleston naiheshimu zaidi ya kuipenda. Ni kazi ya akili nyingi sana lakini ukumbini pale nahisi kama nimechelewa mkutano. Wengine waliipenda mpaka wakaiga, ikulu ya magavana wa Kiingereza Calcutta imejengwa kwa kuifuata Kedleston, na karibu miaka mia baadaye akaenda kukaa humo George Curzon kama mwakilishi wa mfalme India, na yeye alizaliwa Kedleston.

Maua yenyewe, na matunda na mboga, yalikuwa nyuma ya kuta za matofali, mbali na macho. Hii bustani ya jikoni wengi hawaifuatilii na kwangu ndo sehemu tamu kuliko zote. Kuta zinajengwa ndefu, mita tatu nne, kwa matofali kwa sababu tofali linameza joto la mchana linalirudisha usiku. Ukuta unaotazama kusini wanaegemeza mipichi na miaprikoti, matawi yamefungwa kwa waya yamelala bapa ukutani. Unaotazama kaskazini wanaweka cheri chachu ambazo hazijali kivuli. Kuna kuta zimejengwa na uwazi ndani, moto unawashwa nyuma moshi wa moto unazunguka ndani ya ukuta ili baridi ya mwezi wa nne isiue maua ya matunda. Halafu mananasi. Nanasi hilo hilo ambalo Kiwangwa linarundikwa kando ya barabara, huku lilihitaji shimo lenye vioo juu, pembeni limezungukwa na samadi ya farasi inayochacha na kutoa joto, au magome ya mialoni yaliyotoka kwa watengeneza ngozi, na kijana analala humo humo kuangalia joto lisishuke, miaka miwili mitatu kwa tunda moja. Likifika mezani hakuna anayemuona huyo kijana.

Chatsworth walilipeleka hilo mbali kuliko wote. 1826 Duke wa sita akamuajiri kijana wa miaka 22, Joseph Paxton, mtoto wa mkulima, awe mkuu wa bustani. Huyo akajenga jumba la vioo la urefu wa kama mita 84, limekamilika karibu 1840, Malkia Victoria alipokuja 1843 walipita ndani yake na gari la farasi. Makaa ya kulipasha moto yaliingia kwa njia ya chini ya ardhi, tumerudi pale pale. Vita ya kwanza ya dunia makaa yakakosekana, mimea ikafa, 1920 wakalilipua. Paxton huyo huyo ndo aliyepata mche wa ndizi uliotokea Mauritius, akauotesha Chatsworth ukazaa, ukaitwa Cavendish kwa jina la ukoo wa Duke, na leo karibu kila ndizi unayonunua supamaketi hapo Derby ni Cavendish. Na ile chemchemi inayorusha maji juu sana aliitengeneza 1844 kwa ajili ya mfalme wa Urusi, ambaye naye hakuja. Haina pampu. Walichimba bwawa juu kwenye nyanda za mlimani zaidi ya mita 100 kutoka usawa wa nyumba, wakashusha bomba, uzito wa maji wenyewe ukayarusha, imewahi kufika kama mita 90. Vibarua walifanya kazi mpaka usiku kwa taa za moto ili wawahi.

Vile vitanda vya maua vya rangi mchanganyiko ambavyo wewe na wengi mnavijua kama bustani ya Kiingereza vimekuja mwishoni kabisa, mama anaitwa Gertrude Jekyll na msanifu Edwin Lutyens, kuanzia miaka ya 1890. Kabla yao kidogo wakati wa Victoria fasheni ilikuwa kuotesha maelfu ya miche kwenye vioo na kuitoa nje kiangazi, na hapo kuna la kwetu: lile ua linalopandwa kwenye bustani karibu zote za Uingereza, jekundu au la pinki, linapenda kivuli, mwaka 1882 lilipewa jina la kisayansi Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, maana mbegu zilitumwa kutoka huko na balozi John Kirk.

Hela zilitoka wapi. Inategemea nyumba. Ukoo wa Cavendish ulianzia kwenye ardhi za watawa zilizochukuliwa na Henry wa nane baada ya 1536, baadaye madini ya risasi na shaba ya Ecton. Harewood kule Yorkshire ni sukari ya Karibi na watumwa, bila kuzunguka, imejengwa kuanzia 1759, Adam yumo, Brown yumo, na utumwa ulipofutwa 1833 serikali ikatenga pauni milioni 20 kuwalipa wenye watumwa, watumwa wenyewe hawakupata kitu. Mwaka 2020 National Trust, taasisi inayohifadhi majumba ya kale na ardhi zake, walitoa ripoti wakataja maeneo yao 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa, ikawa kelele kubwa, kuna watu walikasirika kana kwamba wametukanwa mama.

Na zilipokwisha zilikwisha kwa kasi. Miaka ya 1870 ngano ya bei rahisi ya Marekani ikaua bei ya mazao, kodi ya ardhi walizowapangisha wakulima ikashuka. 1894 ikaja kodi ya urithi. Vita mbili zikachukua warithi, na wale watumishi waliofichwa wakapata kazi viwandani zenye saa za kutoka, hawakurudi. Zaidi ya majumba 1,000 yamebomolewa toka mwishoni mwa karne ya 19, miaka ya 1950 ndo ilikuwa mbaya zaidi. Chatsworth yenyewe, Duke wa kumi alikufa 1950 ghafla kabla muda wa kisheria wa kukabidhi mali haujatimia, serikali ikadai 80% ya thamani ya mali, ndo wakaitoa Hardwick na michoro mikubwa kulipia deni. Sasa hivi Chatsworth inaendeshwa na taasisi na familia inaishi sehemu yake, kwa hiyo dada yako akikwambia bado kuna watu wanaishi humo hajakudanganya. Wasomaji wa Nakuru mnajua ile kasri ya Njoro, Maurice Egerton kaijenga huko wakati kwao Cheshire ana Tatton Park, alipokufa 1958 bila mtoto Tatton ikaenda National Trust. Ukiona plani ya Njoro unaona kabisa ni mtu anayejaribu kuuhamisha ulimwengu ambao kwao ulikuwa unabomolewa.

Uende wapi basi. Haddon kwanza, halafu Hardwick, kwa mpangilio huo, usianze na Hardwick. Siku ya tatu iweke kwa Calke Abbey, kusini ya Derby, ambayo wengi wanairuka kwa sababu haing'ai. Imejengwa 1701 hadi 1704, ukoo ulikuwa wa watu wasiopenda kuonana na watu, hawakutupa kitu hata kimoja, vyumba vikijaa wanafunga mlango wanahamia kingine. National Trust walipoichukua 1985 wakaamua kutengeneza paa na kuzuia isianguke lakini rangi inayobanduka wakaiacha ibanduke. Wanyama waliokaushwa wamejaa kila kona, kitanda kimezama kwenye maboksi. Na huko bustanini kuna njia ya chini kwa chini iliyojengwa ili watunza bustani wapite bila familia kuwaona wakitembea. Yaani mtu anatunza maua yako na hata kumuona anavuka hutaki. Ingia humo, ipo upande wa bustani za ukuta, inama kichwa kama wewe ni mrefu.

La hela: Calke, Hardwick na Kedleston zote ni za National Trust, kadi ya mwaka mmoja ukienda zote na dada yako huenda ikawa rahisi kuliko tiketi moja moja, piga hesabu. Haddon na Chatsworth wana tiketi zao. Angalia siku za kufungua, ndani mara nyingi hawafungui siku zote za wiki wakati bustani ziko wazi. Vaa viatu vya matope. Na kila chumba utakuta mzee au bibi wa kujitolea amekaa kwenye kiti, wengi wanapita wanawasalimia tu, wewe muulize mwenye kitanda hiki maji ya kuoga yalifikaje hapa, halafu tafuta pa kuegemea kwa sababu jibu linaweza kuchukua nusu saa.